Abiria wa Arobaini na Mbili

3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Koo linaendeleaje? Bibi anauliza kama kidonda kimeshafunga, na kama supu wanayokupa huko wodini ina chumvi au ni yale maji ya kusuuzia sufuria. Sisi huku wazima, isipokuwa goti la Bibi, ambalo unalijua lenyewe, halijawahi kukubali kuwa zima.

Nimeandika barua kama ulivyotaka. Simu kwako sasa ni ya kusikiliza tu, na mimi kwenye simu nakuwa bubu kukushinda. Tungekaa hivyo, wewe unapumua, mimi napumua, mpaka betri iishe.

Nina habari moja na swali moja. Habari ni kwamba wameitengeneza upya ile filamu ya Handaki. Ndiyo, Handaki yako. Steringi mpya, treni mpya, mlima uleule. Mwenye Ukumbi aliileta Ijumaa, akatuita watu wachache tuione mchana, milango imefungwa, kabla hajaipangia siku. Na wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa lugha alikuwa ameniazima ile ya zamani kwenye diski, kavu kabisa, haina sauti yako ya kutafsiri juu yake. Kwa hiyo nimeziona zote mbili kwa lugha yao wenyewe, na nimezielewa bila wewe. Nisamehe. Nilijisikia kama mtu anayepekua begi lako ukiwa umelala.

Mzee wa Taa, steringi mwenyewe, yule mlinzi wa reli uliyempa jina hilo, kwenye ya zamani ana kitambi, anahema akipanda ngazi, na tochi inamfia katikati ya mlima. Wa sasa hana hata shati. Linachanika dakika ya kumi na hatafuti jingine. Adui wa zamani tulimsikia kwenye simu tu filamu nzima, tukaja kuuona mkono wake mwishoni. Wa sasa ana picha ya mama yake mfukoni, anatusimulia utoto wake mpaka unataka kumpa pole. Nilimwonea huruma, halafu nikagundua nimeacha kuogopa. Lakini si mabaya yote. Mke wa steringi zamani kazi yake ilikuwa kulia dirishani. Sasa ndiye dereva wa treni, na analia baada ya kufunga breki, si kabla. Hapo niliwapigia makofi, kimoyomoyo.

Tofauti kubwa iko kwenye giza. Unakumbuka Mzee wa Taa anapotembea mle ndani bila tochi, dakika saba? Kwenye ya zamani hakuna muziki wala neno. Ni matone ya maji na viatu vyake. Nilikuwa nimekaa juu ya mikono yangu bila kujua. Kwenye mpya wameweka ngoma na milipuko. Giza lenyewe linadumu kama chafya.

Na swali langu liko humohumo gizani. Kwenye kanda yako, ile uliyorekodi ukitafsiri ukumbini, ndani ya dakika saba zile, kuna mwanamke. Yule wa kiti cha mwisho, behewa la mwisho, anayemwongoza Mzee wa Taa kwa sauti. Nimekua nikijua kwamba yeye ndiye moyo wa filamu. Mjomba, ya zamani nimeiangalia mara tatu. Hayumo. Kiti cha mwisho kimewekewa begi. Kwenye mpya kiti kipo, hakuna mtu, kimeachiwa kitambaa cha njano tu, na kamera inakipita haraka.

Ulimtoa wapi?

Mpwa wako.


11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mwambie Bibi supu haina chumvi wala aibu. Kidonda kimefunga upande mmoja. Wamenipa ubao mdogo wa kuandikia, ninatania manesi kwa maandishi, lakini utani ulioandikwa unafika umepoa. Jirani yangu wa kitanda cha pili, mwalimu mstaafu, ananisahihishia herufi kubwa.

Umenichekesha na shati. Kucheka bila sauti ni kama kupiga chafya ndani ya gunia.

Sasa sikiliza jinsi kazi ile ilivyokuwa. Mtafsiri wa filamu hakai kimya zaidi ya pumzi tatu. Pumzi ya kwanza watu wanasubiri. Ya pili wanatazamana. Ya tatu mtu anapiga mluzi, na ukishapigiwa mluzi umekwisha. Kwa hiyo penye ukimya unaweka chochote. Mimi kwenye yale matembezi ya gizani nilikuwa nawasalimia wateja: "Fundi baiskeli, keti chini, kichwa chako ni mlima wa pili huo!" Kila onyesho hivyohivyo.

Isipokuwa siku tuliyorekodi kanda hiyo. Ilikuwa Jumamosi, onyesho la saa tisa mchana. Kikohozi cha vumbi kilinishika Mzee wa Taa alipozimikiwa tochi tu. Nikaweka maiki mezani, nikatoka uani kunywa maji, nikakohoa mpaka machozi. Nilirudi giza limekwisha. Kwa hiyo mpwa wangu, kwenye kanda, hapo pana matone ya maji. Hapana mwanamke. Mimi sijaigiza sauti ya kike maishani, isipokuwa mara moja, na watu waliomba umeme ukatike.

Sijawahi kuisikiliza, ni kweli. Hakuna mtafsiri anayeipenda sauti yake mwenyewe. Lakini najua nilichofanya.

Labda umechanganya na kanda nyingine. Niandikie anachosema.

Mjomba wako.


19 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi umefunga upande mmoja, tunausubiri wa pili. Mpe shikamoo mwalimu wa kitanda cha pili, na mwambie herufi zangu ndogo zinamwogopa.

Sijachanganya. Kanda ni ile, ina mwandiko wako kwenye karatasi, HANDAKI, JUMAMOSI. Jumapili baada ya chakula Bibi aliitoa kwenye sanduku lake la nguo kama kawaida, akaiweka kwenye redio kaseti, akakaa. Unakumbuka wewe ulivyokuwa? Kanda ile ikianza tu, ulikuwa unakumbuka una kazi uani. Safari hii nilikaa na daftari. Matone yanaanza. Viatu. Kuna kitu kinakwaruza, kama waya unaburutwa sakafuni. Halafu yeye, taratibu, bila kuigiza:

"Nenda polepole. Shika ukuta wa kushoto, una baridi lakini haudanganyi. Mimi nakuona. Tuko huku nyuma kabisa, kiti cha mwisho. Usikimbie, giza haling'ati."

Ananyamaza muda mrefu, zaidi ya pumzi tatu, Mjomba, nilihesabu kumi na moja, na hakuna anayepiga mluzi. Halafu:

"Ukifika, tuhesabu wote. Kwenye orodha yao wako arobaini na mmoja. Wa arobaini na mbili yuko huku kwangu, hayumo kwenye orodha. Usimsahau. Huwa hasemi."

Na hapo upande wa kwanza wa kanda unaisha. Klik. Upande wa pili unaanza na wewe, treni imeshatoka mlimani, na Mzee wa Taa anawagusa abiria mabega mmojammoja, arobaini na mmoja kamili.

Nilikuwa mdogo nikidhani Mzee wa Taa ni mbaya, maana kamsahau mmoja. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nalala nikimfikiria yule aliyebaki mle ndani, asiyesema.

Nilimuuliza Bibi, "Huyu ni nani?" Akasema, "Nyamaza tumsikilize," na alikuwa ameshamaliza kusema.

Nimejaribu kukurekodia kwa simu nikutumie. Sauti yako imeingia, bunduki zimeingia, hata kuku wa jirani kaingia. Dakika saba zile hazikuingia. Ni mvumo tu kama maji mbali. Nimejaribu mara nne. Mwalimu wetu anasema simu hizi zina akili ya kufuta makelele. Sawa. Lakini kwa nini zimwone yeye ndiye kelele?

Kuna jambo jingine, naona aibu hata kuliandika. Mwenye Ukumbi anataka kuonyesha hiyo mpya kwa tafsiri ya maiki kama zamani, na kwa kuwa wewe ndiyo hivyo tena, amesema nifanye mimi. "Wewe si unazo lugha mbili?" Ninazo, lakini zote mbili nazisemea tumboni. Mjomba, wewe hujui nilivyo darasani. Mwalimu anaita majina, nasema "nipo", na ananiandika sipo. Muhula huu mara sita. Sirudii kusema, naona atashtuka. Siku ya sita nilijiuliza kama kweli nimekuja.

Nimemwambia Mwenye Ukumbi nitafikiri. Onyesho ni Jumapili tarehe 26 Aprili.

Mpwa wako.


11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Najua umekaa wiki tatu unachungulia posta. Sikuwa mahututi. Barua yako niliisoma, nikaiweka chini ya mto, nikaitoa, nikairudisha. Mwalimu wa kitanda cha pili kaniuliza kama ni ya mapenzi.

Ule waya unaokwaruza ni waya wa maiki yangu. Ulikuwa mrefu mpaka mlangoni, maana nilipenda kutembea nikitafsiri. Mlangoni, benchi la mwisho, alikuwa anakaa dada yangu mdogo, anachana tiketi. Mama yako.

Ngoja nikueleze ambayo sijamweleza mtu. Siku ile niliporudi kutoka uani, ukumbi ulikuwa kimya kwa namna ambayo sijawahi kuisikia. Watu mia, hakuna hata kikohozi. Nikajua wamechoka, wananisubiri wanizomee. Fundi baiskeli akanigeukia akasema, "Mwache aendelee yeye." Nikaona ni kejeli. Maiki haikuwa mezani nilipoiacha, ilikuwa kule nyuma. Kanda ilikuwa imefika mwisho wa upande, imejizima. Nikauliza mbele ya watu, "Nani kagusa maiki yangu?" Mama yako akasema, "Nilikushikia nafasi tu, kaka." Nikamnyang'anya. Nikamwambia kwenye maiki hiyohiyo, ukumbi mzima usikie: "Kazi ya sauti ni ya wenye sauti. Kaa chini, chana tiketi." Watu wakacheka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawachekesha siku zote. Halafu nikageuza kanda, nikaendelea.

Alikaa kwenye benchi lake. Sikumuuliza alisema nini, na aliyetaka kunieleza nilimkata kauli. Wiki nzima tulipishana kwenye korido kama wapangaji. Jumamosi iliyofuata akakuacha kwa Bibi, akapanda basi kwenda kutafuta kazi ambayo haina kaka ndani yake.

Hayo mengine umeambiwa, kwamba basi liliingia mtoni. Usiloambiwa ni hili. Orodha ya kampuni ilikuwa na watu arobaini na mmoja. Yeye alipandia njiani, hakuandikwa. Siku tatu nilisimama kwenye dirisha la ofisi yao nikisema wako arobaini na wawili, na yule karani ananionyesha karatasi. Arobaini na mmoja, bwana, tumeshawapata wote. Walimpata siku ya nne, baada ya kuacha kutafuta.

Sasa wewe unaniandikia kwamba wiki moja kabla alishayasema, kwa kinywa chake, kwenye maiki yangu. Hayumo kwenye orodha. Usimsahau. Huwa hasemi.

Sijui nifanye nini na hilo. Na usiniulize kuhusu kitambaa cha njano, hata kama alijifunga cha namna hiyo siku anapanda basi. Vitambaa vya njano viko kila duka.

Tarehe 23 asubuhi wananipasua tena. Daktari safari hii amevuta kiti akakaa kabla ya kunieleza, na mimi nimetafsiri filamu za kutosha kujua maana ya daktari kuvuta kiti. Nataka kumsikia kabla ya siku hiyo. Kama alikuwa ananiambia mimi nisimsahau, lazima nijibu, hata kwa ubao. Nitumie kanda. Najua ni moja tu. Najua ni ya Bibi.

Mjomba wako.


15 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sitakuuliza koo.

Niliisoma barua yako nikiwa bafuni, maji yamefunguliwa. Halafu nikamsomea Bibi. Nilidhani ataanguka. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua ni la moto. Akasema, "Miaka kumi na mitatu, kila Jumapili, wewe ulidhani nasikiliza bunduki?"

Alijua tangu siku ya kwanza. Anasema hakukuficha. Alidhani unajua na hutaki kusema, ndiyo maana ulikuwa unakimbilia uani, naye akaona akuache na kidonda chako. Mmekaa nyumba moja na sauti yake, Mjomba, kila mtu akimwonea huruma mwenzake.

Nilimuuliza kama Mama alikuwa amejijua. Wa arobaini na mbili. Bibi akafunga sanduku, akasema, "Mimi namsikiliza sauti, simsikilizi hesabu." Lakini mkono wake ulikuwa umeshika kitasa muda mrefu.

Kanda ameitoa mwenyewe. Nimeifunga kwenye sweta langu la shule, ndani ya boksi la viatu. Dereva wa basi la asubuhi ni baba wa rafiki yangu, ataiweka miguuni pake, atampa nesi wako mkononi. Nilimsimamia mpaka akaandika jina lako kwenye karatasi yake ya mizigo. Alisema, "Ni kaseti tu, binti." Nikasema iandike. Nilisema kwa sauti. Aliandika.

Basi lilipoondoka nilibaki kituoni nikiliangalia mpaka kona, na sikuipenda ile kona.

Nimemkubalia Mwenye Ukumbi. Usinipongeze. Nimekubali kwa sababu kanda haipo tena nyumbani, na leo saa nane, ingawa si Jumapili, Bibi alikaa kwenye kiti chake mbele ya redio tupu, mikono mapajani, mpaka matone yangekuwa yamekwisha. Nikaona mtu lazima ayaseme yale maneno mahali fulani. Ninayajua yote. Ninachoogopa ni kufungua mdomo na kukuta hakuna kitu.

Ukiisikia, niandikie siku hiyohiyo.

Mpwa wako.


27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Leo ni siku ya nne tangu wakupasue na sijapata neno. Wodini simu inaita mpaka inakata. Dereva anaapa boksi lilifika, nesi mnene mwenye miwani alilipokea. Naandika kana kwamba unasoma. Naomba unasoma.

Onyesho lilikuwa jana saa tisa. Ukumbi ulijaa mpaka wamesimama. Maiki inanuka chuma na mate ya zamani, yako nadhani. Nilivaa sweta la kaka wa rafiki yangu, maana langu liko kwako.

Dakika kumi za kwanza usiombe. Mtu wa mbele akapiga kelele, "Ongeza sauti, tumelipia filamu, hatukulipia mbu!" Wakacheka. Nilitaka kuweka maiki chini nirudi nyumbani kwa kupitia dirishani. Fundi baiskeli, amezeeka sasa, kichwa kimeshuka lakini bado ni mlima, akasema, "Mwacheni, injini inapasha." Halafu shati la steringi likachanika, na mdomo wangu wenyewe ukasema, "Aliyeliokota shati la huyu bwana alirudishe, nje kuna baridi." Wakacheka, safari hii upande wangu. Mjomba, kumbe ndiyo hivyo. Ni kama mtu kakushika kiwiko kwenye ngazi.

Nilimwomba Mwenye Ukumbi, treni ikiingia mlimani azime sauti ya filamu kabisa. Zile ngoma zao, yale mabomu. Alisema nitaua filamu. Nikasema dakika saba tu. Akazima.

Milipuko bila sauti ni kitu cha ajabu. Moto unapanda polepole kama unaota. Watu wanafungua midomo hakitoki kitu. Steringi anatembea, kifua wazi, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa, sijui kama mchezaji mwenyewe anajua kwamba alionyesha hivyo, kwa sababu ngoma zilikuwa zimemfunika. Hapo nikaipenda hiyo mpya. Chini ya kelele zake zote kulikuwa na ile ya zamani imekaa inasubiri.

Nikaburuta waya mpaka katikati ya njia. Nikasema, "Nenda polepole. Shika ukuta wa kushoto." Sikuigiza. Nilisikia ukumbi unashusha pumzi. Fundi baiskeli akavua kofia. Kuna wengine, wa zamani, walikuwa wanayasema pamoja nami, chini kwa chini, midomo tu. Kumbe miaka yote hii wanayo.

Kamera ikapita kiti cha mwisho, kile kitambaa. Nikasema, "Wa arobaini na mbili yuko huku kwangu, hayumo kwenye orodha. Usimsahau. Huwa hasemi."

Kwenye kanda hapo ni klik. Mimi sikuwa na klik. Nikanyamaza. Pumzi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, nikasubiri mluzi.

Kwenye benchi la mwisho, mlangoni, mtoto akasema, "Nipo."

Si kwa utani. Alisema kama mtu aliyeulizwa.

Ukumbi mzima ukageuka. Benchini palikuwa na sanduku la tiketi na koti la Mwenye Ukumbi. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye mashine, nyuma ya pazia. Bango la mlangoni linasema watoto hapana, na yeye anavyoogopa faini, hata mwenye sura ya kitoto anamdai kitambulisho. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyetoka. Mama mmoja alisogea kidogo kwenye benchi lake, kama anampisha mtu.

Nikamalizia filamu. Nilimaliza yote, Mjomba, mpaka majina ya mwisho.

Nikuambie ukweli wangu. Sauti ile haikuniogopesha. Kilichoniogopesha ni kwamba niliijua. Si ya Mama, ya Mama naijua neno kwa neno. Hii niliijua vingine, kama unavyolijua kovu la mgongoni kwako mwenyewe, usiloweza kuliona.

Fundi baiskeli aliniambia mlangoni, "Mwambie mjomba wako, siku ile hatukuwa tumechoka." Basi. Akapanda baiskeli.

Nijibu. Hata mstari mmoja.

Mpwa wako.


22 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba kabisa. Naandika haraka, kesho asubuhi ndiyo siku, na nesi amesema taa ya kitanda changu imeshatumia haki yake. Boksi lilifika Ijumaa, lakini wodi nzima haina redio ya kaseti. Leo mlinzi wa geti ameniazima ya kwake ya kusikilizia mpira. Spika yake imekufa, inasikika kwa visikizi tu. Kwa hiyo nimemsikiliza mama yako ndani kabisa ya masikio, hakuna kilichobaki nje.

Nimelia, nimemaliza, tusirudi huko.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia mtu anayejiaga. Nilikuwa nimeshaandika jibu kwenye ubao. Mpwa wangu, hakuwa anajiaga. Tulikosea wote, mimi kwa hofu na wewe kwa kuniamini.

Nimerudisha mkanda mara saba nisijidanganye. Redio ya Bibi ina spika moja nayo ina kutu, hamngeweza kusikia. Anaposema "yuko huku kwangu", kuna pumzi ya pili, ndogo, karibu sana na maiki. Anaposema "giza haling'ati", kuna mkono unapigapiga kitu laini, pu, pu, pu, kama unavyombembeleza mtoto mgongoni. Hapo nikakumbuka lile nililolisahau kwa sababu ya hasira. Hakuwa peke yake benchi la mwisho. Alikuwa na wewe mapajani. Ulikuwa na miaka mitatu, na ulikuwa hujaanza kusema. Watu walikuwa wanamsumbua nalo, mpeleke kwa daktari huyu mtoto, na mimi nikiwemo. Na giza la Handaki lilikuwa linakutisha kila Jumamosi.

Hakuwa anamwongoza Mzee wa Taa. Alikuwa anakubembeleza wewe, na maiki iko wazi. Abiria kwenye orodha arobaini na mmoja, na wa arobaini na mbili yuko huku kwangu, usimsahau, huwa hasemi.

Sasa weka chini ulichoshika. Baada ya "huwa hasemi", kabla ya ile klik, kuna nafasi ya pumzi tatu. Kwenye ya tatu mtoto anasema, kwa sauti ndogo mno lakini wazi visikizini, kama mtu aliyeitwa jina:

"Nipo."

Nadhani ndilo neno lako la kwanza, na mimi nilikuwa uani nakohoa.

Basi huyo mwalimu wako akikuandika hupo, simama useme mara ya pili. Kuna kanda inayokushuhudia.

Hayo mengine, lile basi na ile karatasi yao, sina maelezo. Nayaacha yalivyo. Lakini jibu langu la ubaoni nimelifuta nikaandika jingine, litakaa juu ya kifua changu kesho wakinisukuma kuingia, nesi ameruhusu.

Busu Bibi kwenye goti.

Mjomba wako.

*

30 Aprili. Binti, mimi ni nesi wa wodi. Barua hii alinipa kabla ya upasuaji akaniambia nisiiposti mpaka nijue niandike nini chini yake, ndiyo maana imechelewa, naomba radhi. Alikaa siku saba bila kujitambua. Leo asubuhi nikaita majina ya wagonjwa kama kawaida, nimeshaliruka lake. Akanyanyua mkono.